Stoo ya Kaboni ya Kuluba

Katika vyote alivyokuja navyo kijijini Kuluba, ulimi tu ndio uliokuwa mali ya Asuman. Suti ilikuwa ya mteja wa dobi mmoja wa Arua. Pikipiki ilikuwa ya shemeji yake Ramathan, ambaye alikuwa ameapa kwamba isiporudi nzima, Asuman naye asirudi.

Fursa aliisikia redioni akiwa kwa kinyozi: kuna Wazungu wanaolipa wenye misitu wasikate miti, kwa sababu miti huhifadhi kaboni. Kinyozi alicheka. Asuman hakucheka. Miaka yote alikuwa amehangaika na bidhaa za kushikika, hasa dhahabu ya shaba, na mnunuzi akishashika, huiuma kwa meno kuijaribu. Kaboni nani ataiuma?

Wenye miti walikusanyika nyumbani kwa Driciru, mjane mwenye shamba kubwa la mitiki.

"Kila mutu akipumua, kaboni inatoka puani," Asuman alieleza. "Mti inaivuta, inaiweka ndani ya mbao. Hiyo kaboni yote iko ya kampuni yangu. Nyinyi munatunza tu. Leo munalipa pesa ya kupima, kesho pesa ya Wazungu inakuja."

"Mimi nilitaka kuchoma makaa," alinung'unika Ezati, jirani. "Makaa mutu ananunua leo leo."

"Makaa iko ya zamani, mzee wangu. Dunia iko kwa kaboni."

Ezati akatoa pesa. Wengine wakafuata. Driciru peke yake hakufungua pochi.

"Kaboni iko ya kampuni yako kweli?"

"Yote, mama. Tangu siku ulipanda."

"Na kampuni iko nani?"

"Mimi mwenyewe!" Asuman akajipiga kifua, mshono wa suti ya watu ukalia.

Kabla ya kupanda miti, Driciru alikuwa na stoo sokoni Koboko, wafanyabiashara wakilaza magunia yao kwake. Sheria ya stoo ni fupi: mwenye mzigo hulipia siku zote mzigo wake ulizolala, asipolipa, kitu chake hubaki.

"Basi lipa stoo," alisema. "Mzigo yako imelala kwangu tangu miti iko midogo."

Watu walicheka. Kisha wakaanza kufikiri, na hapo ndipo Asuman alipotokwa na jasho.

"Hata kwangu imelala!" alisema Ezati, akanyoosha mkono kudai pesa yake.

Angesema kwamba kaboni haipo, wangemuuliza alichokuja kupima. Tena ilikuwepo. Mti huvuta kaboni hewani na kuiweka katika shina. Hufundishwa shuleni, siku ambazo Asuman hakwenda. Alijitazama kwa masikitiko: tapeli mzima, amesema kweli moja tu maishani akidhani ni uongo, na ndiyo iliyomfilisi.

"Basi nitoe mzigo yangu," alijaribu.

"Toa," alisema Driciru. "Lakini mti yangu usiguse."

Pesa zilirudi kwa wenyewe. Pikipiki ikazuiwa kwa deni la stoo, ikasukumwa ndani ya nyumba ya Driciru, mlango ukafungwa kwa kufuli. Asuman akaketi chini ya mitiki, akamkumbuka Ramathan, akashusha pumzi ndefu.

"Bwana kampuni!" Driciru alimwita kutoka kibarazani. "Pumua kidogo kidogo. Unaongeza mzigo."