Barua ya Tatu Kuhusu Tangi la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo! Kochi hili lilitengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na miguu. Mama mkwe bado yuko. Analala chumbani na mke wangu, mimi niko sebuleni na friji linalonguruma. Tangi lake la maji limepasuka, nyumbani kwake hakuna hata tone, na amesema hatoki hapa mpaka kampuni imjibu kwa maneno yanayoeleweka.

Kampuni yenyewe ni ya kwetu. Tunatengeneza matangi. Na anayejibu barua za wateja ni mimi.

Hajui. Mke wangu naye hajui. Nimewaambia niko upande wa utawala. Mama nimeshamwandikia barua mbili nzuri sana, nikasaini kwa niaba ya Meneja. Nilichotaka ni atutajie siku atakayokwenda kumfungulia fundi geti. Leo amekula chakula cha jioni na barua ya pili mkononi. Akamwambia mke wangu kwamba amesoma mpaka macho yamemtoka na bado hajui kama anapewa tangi au anapewa pole ya msiba. Akasema aliyeandika hii ana mapepo. Mke wangu akacheka. Nikacheka na mimi, kwa sauti kuliko wote.

Ningeweza kumuuliza palepale mezani: mama, utakwenda lini kumfungulia fundi? Lakini ningekuwa nimejitaja mwenyewe. Hapana. Nitaandika ya tatu, na hii nitaipamba zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Balaa ofisini. Meneja amechoka na wateja wanaokuja kuuliza maana ya barua zetu, kwa hiyo ameleta mkufunzi wa kutufundisha kuandika. Mimi, nifundishwe! Mimi niliyeanza kujibu barua hapa tangu matangi yakiwa ya bati!

Ni dada mdogo, amevaa viatu bapa, ana sauti ya kusomea taarifa ya habari. Akaandika ubaoni: sema unachotaka katika sentensi ya kwanza. Nikanyoosha mkono. Nikamweleza kwamba barua ina adabu zake, haiingii ndani bila kupiga hodi. Akajibu kwa upole kwamba zangu hupiga hodi mpaka mwenye nyumba anapitiwa na usingizi. Chumba kizima kikaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Kipara wa stoo. Huyu barua zake ni za mistari miwili. Mistari miwili! Hata dawa ya panya ina maelezo marefu kuliko hayo.

Ila kuna jambo. Atakayeandika vizuri kuliko wote atafanywa Kiongozi wa Barua, na atapewa meza ya dirishani. Meza hiyo ni yangu. Nimeshaamua picha ya harusi itakaa upande gani.

Jumatano, 5 Machi

Zoezi la leo: kila mtu asome barua yake kwa sauti. Nikasimama na hii ya tatu ya mama, nikajiweka sawa, nikaanza sentensi ya kwanza. Katikati pumzi ikaniishia. Nikajikaza. Nikaona nyota. Mkufunzi akaniletea maji na kuniuliza kama nimefika kwenye nukta. Nikamwambia bado. Kipara akasema nikifika niwapigie simu.

Nikaambiwa nipunguze barua iwe nusu. Nikatoa mambo yote ya fundi na geti, yalikuwa yanaharibu mtiririko. Sasa inasomeka vizuri.

Jioni nimemkuta mama amekaa peke yake jikoni. Akasema miche yake ya nyanya itakuwa imeshakauka. Akasema hapa anatunzwa vizuri, ila amechoka kuomba ruhusa ya kuoga. Nikaona vibaya. Nikaona vibaya kweli, mpaka nikataka kumwambia. Badala yake nikamwambia Mungu yupo, nikaenda kulala kwenye kochi.

Alhamisi, 6 Machi

Akili yangu hii, sijui niliipata wapi! Mkufunzi amesema kesho mteja halisi ataletwa darasani. Atasoma barua zetu za kumjibu mwenye tangi bovu, zote zimepigwa chapa na hazina majina, kisha atasema ipi imemfaa. Akauliza nani anamjua mteja. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Nimerudi na ndara mpya za mama, za ngozi laini. Nikamweleza kwamba kesho kuna shindano dogo ofisini na mimi nimo. Akisikia nakohoa, barua iliyo mkononi mwake ni yangu, aisifu. Akazijaribu ndara, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akakubali. Kisha akauliza kama na yule mwenye mapepo atakuwepo, maana ana neno naye. Nikamwambia huyo yuko likizo.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama alifika na ndara zake, akakaribishwa kiti cha mbele. Akasoma barua ya karani wa mapokezi, akasema si mbaya. Akachukua iliyofuata. Nikakohoa. Akanitazama kwa upendo, akaanza kusoma kwa sauti: "Kwa taadhima isiyo na kifani na kwa moyo uliofurika bashasha ya kikazi, tunaomba kutwaa fursa hii adhimu..."

Akaishia hapo. Nikakohoa tena, huenda hakusikia. Akafungua mkoba wake polepole. Akatoa barua zake zote mbili, akazilaza mezani kando ya hiyo. Taadhima, taadhima, taadhima. Bashasha, bashasha, bashasha. Mimi nilishindwa kuacha kukohoa. Mkufunzi akaleta maji tena.

Mama akageuka. "Baba," akasema, "hicho kikohozi ni cha barua hii?"

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Ni ya saruji.

Ikaja barua ya Kipara: "Mama, tangi lako tutalibadilisha Jumatatu asubuhi. Tafadhali uwepo umfungulie fundi geti." Mama akaisoma mara moja, akasimama, akaanza kukusanya vitu vyake. Mkufunzi akamwambia taratibu kwamba hilo ni zoezi tu. Sura ya mama ikabadilika. Akakaa, akawa anaikunja na kuikunjua ile karatasi. Hakuna aliyecheka. Meneja, aliyekuwa amekaa nyuma ya chumba, akainuka kwenye kiti chake na kusema si zoezi tena, fundi atakwenda Jumatatu.

Kipara ndiye Kiongozi wa Barua. Baadaye aliniletea chai. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 9 Machi

Tangu juzi nasubiri mama aniumbue mbele ya mke wangu. Leo, mke wangu alipokwenda dukani, akaniita. Nikajua yamenifika.

Akaniambia marehemu baba mkwe naye alikuwa hivyohivyo. Barua ya uchumba aliyomwandikia hakuielewa hata mstari mmoja, ikabidi amtume kaka yake akamuulize huyu kijana anataka nini. "Anataka kukuoa," ndilo jibu lililorudi. Akacheka mpaka machozi. Akasema siri yangu anayo, nisiwe na hofu, ila mwanangu, ukitaka kitu, kiseme.

Nimeguswa sana. Sitasahau maneno haya maisha yangu yote.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amekwenda. Tangi jipya limefungwa, maji yanatoka. Mama amerudi kwake, na mche mmoja wa nyanya umekutwa hai. Usiku huu nalala kitandani mwangu. Kitanda! Nakipenda.

Jumanne, 11 Machi

Mama amenitunzia siri, na mtu mwungwana hushukuru. Ningeweza kumpigia simu nikasema asante. Lakini asante kwa simu ni kavu. Nimemwandikia barua. Humo nimemweleza kuhusu pengo lisilozibika aliloliacha sebuleni petu, na milango yetu itakayobaki wazi mbele yake leo, kesho na milele. Kurasa tatu. Nadhani ndiyo kazi yangu bora.

Jumamosi, 22 Machi

Mgongo!

Mama alishuka mlangoni asubuhi na godoro, masanduku mawili na mche wa nyanya kwenye kopo. Akanikumbatia huku analia. Akasema barua yangu ameisoma mara nyingi, na safari hii, kwa mara ya kwanza, ameielewa yote: tunamwomba aje akae nasi moja kwa moja. Mke wangu naye akalia, akaniambia hakujua nina moyo mkubwa namna hii. Wote wawili wananitazama. Ningesema nini?

Nikauliza tu kuhusu nyumba yake. Ameshaipangisha. Mpangaji amehamia juzi, na amefurahi sana kukuta tangi jipya.

Nimelala kochini nikitafakari kosa liko wapi, na nimeliona. Ile barua ilikuwa fupi mno. Kwa hiyo nimewasha taa, nimechukua karatasi, na namwandikia mpangaji kumwomba ahame. Nimeanza vizuri: Kwa taadhima isiyo na kifani...