Yahusu: Marehemu Jerome, Aliyeuawa Alhamisi na Hadi Leo Hajazikwa

Concilie Nahimana,
Karibu na stesheni ya St Marys,
Sydney.
14 Juni 2008

Ndugu Mkuu wa Tamthilia,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Natumaini u mzima, wewe na watu wote wa kituo chako cha televisheni, wakiwemo wale wanaobeba kamera. Sisi hapa St Marys hatujambo, ila msiba.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni mama wa Kirundi, umri wangu miaka hamsini na miwili, kazi yangu ni kufua na kukunja mashuka katika nyumba ya wazee. Kabla ya kuja Australia niliishi kambini mkoa wa Kigoma miaka kumi na mmoja, na muda wote huo nilikuwa katibu wa kijiji chetu cha kambi. Barua zote za malalamiko niliandika mimi: ya mabomba, ya maharagwe yenye wadudu, ya mganga aliyegawa panadol hata kwa mguu uliovunjika. Zote zilijibiwa isipokuwa ya maharagwe. Nakueleza haya ili ujue kwamba hulalamikiwi na mtu asiyejua kazi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini, kinaishia kwenye mashuka. Barua zangu zote za ofisi hutafsiriwa na mwanangu mkubwa, ambaye siku hizi anakaa mbali kidogo kwa sababu ya kazi. Ninampelekea kwa posta, naye hunirudishia zikiwa katika Kiingereza safi. Kwa hiyo ukikuta mahali pana lugha nzuri, ni yake. Ukikuta hasira, ni yangu.

Sasa malalamiko. Mna tamthilia ya hospitali iitwayo Wodi ya Tisa, inayoonyeshwa kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari. Humo mlimweka nesi mmoja mweusi, Jerome, ambaye ni mwanamume anayependa wanaume. Nataka ieleweke tangu mwanzo: mimi simjui mtu yeyote wa namna hiyo. Kwetu hawapo. Wako kwenye televisheni tu, na maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe, kwa kinywa changu hiki. Ndiyo sababu nilianza kutazama. Nimetazama sehemu zote ishirini na mbili, kumi na saba Jerome akiwa hai na tano akiwa amekwisha, na hoja zangu ni kama ifuatavyo.

1. Jerome hana kwao. Sehemu ya pili alisema asili yake ni Afrika. Sehemu ya tisa bibi yake akawa wa kisiwa fulani kisicho na jina. Sehemu ya kumi na tano alipohuzunika mkampigia ngoma ambazo mimi na jirani yangu Gloriose hatukuzitambua, na sisi ni Warundi, habari za ngoma usitufundishe. Hana shangazi, hana kwaya, hana mtu wa kumpigia simu kutoka nyumbani akisahau kwamba huku saa ni tofauti. Nyumbani kwake sijaona hata kadi moja ya simu ya kukwangua. Mweusi gani anakaa Sydney bila kadi ya simu? Jamani, mtu haoti kama uyoga.

2. Jerome hali. Muda wote ameshika kikombe cha karatasi cha kahawa. Jikoni kwake mna bakuli la malimau ambayo hayakatwi wala hayapungui. Nadhani ni ya kupambia. Wiki kumi na saba! Gloriose aliniambia huyu kijana atakufa, nami nikamkatalia. Watu wa namna hiyo wanakula, Ndugu Mkuu. Mmoja anaweza kumaliza sahani tatu za maharagwe na ndizi akiwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya kazi, halafu akauliza kama kuna kilichobaki chunguni. Yaani, nakisia.

3. Hoja hii ni ya lugha. Kiswahili kina neno "shoga", nalo lina maana mbili. Ya kwanza ni njema: rafiki wa mwanamke, mwanamke mwenzake, wa kuambiana siri za jikoni na za chumbani. Gloriose ni shoga yangu tangu kambini. Maana ya pili ndiyo hiyo inayomhusu Jerome, na watu wengi huitamka kama wanatema mate, kwa hiyo sitaitumia. Ninyi, sijui nani aliwafundisha Kiswahili, mmezichanganya. Mlituahidi mwanamume, mkatuletea shoga wa yule nyota wenu, Dakta Melanie. Kazi yake ni kumsikiliza. Anawajua wachumba wake wote, anamfunga zipu, anampangusa machozi, na yule dada hajawahi hata siku moja kumwuliza, na wewe umeshindaje? Hata jina la baba yake halijui. Sisi pia hatulijui. Beji yake imeandikwa Jerome, basi. Mkimbizi kwenye kadi ya rasheni ana majina mawili! Kwetu jina ni sala kabisa. Mwanangu huyu anayetafsiri anaitwa Irankunda, maana yake Mungu ananipenda, nami nililichagua kwa makusudi. (Mtafsiri, hilo la shoga utajua mwenyewe la kufanya.)

4. Jerome anachekesha mno. Kila akiingia anatanguliza nyonga, anapiga vidole, anatoa kichekesho, anatoka. Sina ugomvi na nyonga. Hata Mzee Ildephonse, kiongozi wetu wa kanisa, ana mwendo wake. Ninachouliza ni hiki: wako wapi wengine? Yuko wapi yule anayeendesha foklifti ghalani? Yule mwenye haya, asiyejua kucheza, anayeimba besi kwaya na kupotea kila wakifika ubeti wa tatu? Yule anayepanda kumsafishia jirani mifereji ya bati bila kuombwa, anayetembea kama marehemu baba yake? Mimi huyo nilimtafuta kila Alhamisi. Nilisogeza kiti mpaka Gloriose akasema nitapofuka. Hakutokea.

5. Ubaguzi katika dhambi. Kwenye Wodi ya Tisa kila mtu anambusu kila mtu. Dakta Melanie amebusiana na madaktari watatu, tena na mmoja wao huku mgonjwa akiwa mezani amefunguliwa tumbo. Lakini Jerome alipopata mwenzake, yule mwalimu wa kuogelea, waligusana vidole tu na kamera ikakimbilia dirishani kutuonyesha mvua. Mimi ni Mkatoliki, nilipaswa kumshukuru Mungu kwa mvua ile. Badala yake nilikasirika mpaka nikasahau chungu motoni. Kama ni dhambi, basi iwe dhambi kwa wote, na mvua iwanyeshee wote. Tena huyo mwalimu hakupelekwa popote kujitambulisha. Kwetu mtu akimpenda mtoto wa watu anakuja nyumbani na kreti ya Fanta, anakaa ukingoni mwa kiti, anaulizwa maswali, anatokwa jasho. Hata jasho hilo mmemnyima.

6. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Tarehe nane Mei mlimuua. Mlimgonga na lori akivuka barabara kumpelekea Dakta Melanie pete aliyoisahau. Alhamisi iliyofuata Dakta Melanie alikuwa amekata nywele, ndiyo maombolezo hayo. Alhamisi ya tatu alikuwa amechumbiwa tena. Mazishi hatukuona. Mwalimu wa kuogelea hakuambiwa. Nadhani mpaka leo anamsubiri pale bwawani.

Ndugu Mkuu, kwetu maiti haiachwi hivi hivi. Tulingoja Alhamisi hizo tatu, kisha tukasema basi, matanga tutaweka sisi. Ilikuwa Jumamosi mchana, nyumbani kwangu, viti tuliazima kanisani. Gloriose alipika wali, mimi maharagwe. Nilimwomba Mzee Ildephonse aje kusali, nikamweleza tu kwamba ni nesi kijana, mweusi mwenzetu, amegongwa na lori, hana ndugu hapa. Alisali vizuri mno. Alilia, akasema ni aibu yetu sote mtu kufa peke yake katika nchi ya watu. Baadaye akaniuliza mwili uko hospitali gani, ikabidi nimwambie kwamba marehemu ni wa televisheni. Alikasirika kweli. Gloriose, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akamweleza na yale mengine. Hapo mzee aliangalia sahani yake. Halafu akasema sala ikishapanda hairudi chini, akaomba aongezewe wali.

Kwa sababu hizo naomba Jerome afufuliwe. Usiniambie haiwezekani, maana mume wa kwanza wa Dakta Melanie alizama baharini sehemu ya nne, na sehemu ya kumi na moja akarudi na ndevu. Akifufuka apewe jina la baba, chungu, na kadi ya simu. Na apewe mama.

Nafasi hiyo ya mama naiomba mimi. Vitenge ninavyo, sauti ninayo, kazini natoka saa tisa. Hata sehemu yenyewe nimeshaitunga. Tuseme mama huyo alikuwa jikoni anachambua maharagwe, mwanawe akaja kumwambia jambo zito. Mama hakuinua kichwa. Alisema neno lake, akaendelea kutoa vijiwe, na kijana akachukua begi akaenda. Tuseme imepita miezi kumi na mmoja. Sasa mama anapanda treni, chungu kakipakata mapajani, anafika, anabisha hodi, mlango unafunguliwa. Hapo ndipo nimekwama. Maneno ya mama nimeyaandika mara saba na yote ni ya kipumbavu. Labda waandishi wako wanaweza kunisaidia, ingawa kwa walivyomfanyia Jerome sina imani nao.

Nisipojibiwa katika siku ishirini na moja, tutahamishia matanga mlangoni kwenu huko mjini, pamoja na masufuria na kwaya. Sisi ni watu arobaini, na kwaya yetu haijui kuimba polepole.

Wasalimie wapiga picha na wapaka poda. Msalimie dereva wa lile lori, najua alitumwa tu. Msalimie na mwalimu wa kuogelea, mwambie ukweli, asiendelee kungoja. Gloriose anakusalimu. Mzee Ildephonse hakusema nikusalimu, lakini hakukataza.

Wako katika msiba usio na kaburi,

Concilie Nahimana
Katibu mstaafu

Nyongeza, na hii si ya kutafsiri.

Irankunda mwanangu, weka kalamu chini. Barua hii haiendi popote. Hao wa televisheni hata anwani yao siijui, ndiyo maana hukuiona hapo juu. Miezi kumi na mmoja ninakutumia barua za ofisi, unanirudishia zimetafsiriwa vizuri, na ndani ya bahasha hamna hata "mama hujambo". Nikajisemea, huyu barua ya mama yake hataifungua, lakini barua ya ofisi hajawahi kuikataa. Ndipo nikatafuta ofisi ya kuiandikia. Matanga ni ya kweli lakini, muulize Mzee Ildephonse.

Nilikuambia watu kama wewe wako kwenye televisheni. Haya, nimekutafuta humo Alhamisi ishirini na mbili na hukuwamo. Nilisema uongo, mwanangu. Ulikuwa jikoni kwangu, umesimama mbele yangu na viatu vyako vya kazi, na mimi nikaangalia maharagwe. Unisamehe.

Jumapili napika. Gloriose ameniambia mwenzako anaitwa Fidèle, na kwamba ni Mkongo. Hilo la Ukongo tutalizungumza. Mlete, mje na njaa.