Hatua Moja Ndani ya Nyasi

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imefuta mistari yote ya njia ya mbio. Msimamizi wa uwanja wa chuo anastaafu mwezi ujao. Nani atashika funguo? Ni mimi au Mama Futi, mtunza stoo, mwanamke anayepima kila kitu hadi urefu wa sabuni. Mimi nimechora mistari hii miaka tisa. Mkurugenzi wa michezo kasema anataka uwanja utakaozungumzwa. Nimelisikia hilo vizuri sana.

Jumanne, 4 Machi
Jambo la ajabu. Nimesogeza kamba ya kuchorea mistari hatua moja tu ndani, hadi kwenye nyasi, kuzunguka uwanja wote. Kisha nikatembea mzunguko mzima nikihesabu. Umepungua hatua sita! Nikarudia. Sita tena. Hatua moja inazaaje sita? Nimechora duara nyuma ya daftari hili hadi chai ikapoa. Mwanafunzi wa hesabu aliyekuwa akipita alianza kunieleza. Nikamwomba asiniharibie utamu.
Nimemwaga chokaa kwenye nyasi. Uwanja wenye kasi huzungumzwa.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya majaribio. Wote wamekimbia kwa kasi kuliko walivyowahi kukimbia. Mpwa wangu, binti wa dada, hukimbia mizunguko miwili. Tangu mwaka jana anakosa muda wa kufuzu kwa sekunde moja tu. Leo kaupata. Kalia kwa furaha, kanikumbatia, kasema uwanja wa mjomba una baraka. Nikavimba kichwa. Hata mhadhiri wa fasihi mwenye magoti mabovu kavunja rekodi yake, kaenda kumwonyesha daktari wake saa. Mkurugenzi kanipiga bega. Funguo naziona hizo.

Ijumaa, 7 Machi
Viatu vya misumari vimerudishwa stoo. Mama Futi kavigeuza kimoja kimoja. Kaniuliza, njia yetu ni ya changarawe, sasa nyasi hizi kwenye misumari zimetoka wapi? Nikasema huenda wanafunzi walipita kwenye bustani. Kaguna. Kisha kaingia ndani, katoka na gurudumu la kupimia.

Jumamosi, 8 Machi
Mzunguko una upungufu wa karibu mita tano. Matokeo yote ya Alhamisi yamefutwa. Mkurugenzi kaniuliza kama ni kosa au makusudi. Nikajibu ni udadisi. Hakuliandika neno hilo.
Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigombeza. Kaniuliza tu kama nilidhani hawezi mwenyewe. Nilikosa pa kuuweka uso. Wala sikuwa nimemfikiria, nilikuwa nafikiria funguo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.
Nimechora upya mchana kutwa, Mama Futi na gurudumu lake nyuma yangu.

Jumatano, 12 Machi
Majaribio yamerudiwa leo. Nafasi ya mwisho ya mpwa wangu. Sikuthubutu kutazama, nikajificha nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Nimesikia bastola, nimesikia miguu ikipita mara mbili, kisha kimya. Nikachungulia. Kocha anaitazama saa, anaitazama tena. Kisha kainua mkono. Kafuzu! Kwa robo sekunde, kwenye mita kamili, zilizopimwa na Mama Futi mwenyewe. Nikaruka hadi kofia ikaanguka.
Kocha anasema binti alikimbia kwa hasira. Najiuliza, na hasira hiyo nani aliipanda? Lakini hakuna aliyenishukuru.

Alhamisi, 13 Machi
Funguo kapewa Mama Futi. Mimi nimepelekwa pembeni, kwenye eneo la kuruka juu, kazi yangu ni kulima na kusawazisha. Mama Futi kanikabidhi jembe na kunitaka nitie saini.
Mpwa wangu alikuja mchana na machungwa mawili. Tukayala pamoja. Kisha kasema, mjomba, niapie hutagusa chokaa tena. Nikaapa, na machozi yakanilenga. Tumepatana.
Alipoondoka nikabaki nikitazama nguzo mbili na ule ufito juu yake. Nimewauliza waamuzi, wanasema urefu hupimwa kutoka ardhini, katikati kabisa, hadi kwenye ufito. Kutoka ardhini. Sasa pakiwa na kijishimo cha kiganja kimoja hapo katikati, ufito utaonekana umepanda kiasi gani?
Nimeapa kuhusu chokaa. Jembe hakulitaja.