Kura Tatu za Haskett

Jumatatu, 7 Aprili

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Tangu Februari nimekuwa nikihudhuria vikao vya serikali ya kaunti huko Amerika. Kila Jumatatu. Kwa simu, mtandaoni.

Kaunti yenyewe ni Haskett, Nebraska. Nilikuwa natafuta kikao cha kaunti yetu ya Bomet, nione jinsi watu wanavyosimama na kuongea bila kutetemeka. Simu ikanipa Haskett. Nikabaki huko. Eneo lake linakaribia kutoshana na Bomet nzima, lakini sisi tuko karibu laki tisa na wao ni 611. Mia sita na kumi na moja! Harusi moja ya kanisa letu inawashinda. Walikuwa 612 hadi Bi Irma alipofariki mwezi uliopita. Nililia kidogo tukichuma chai. Mama akadhani nimeumwa na siafu.

Hawana gavana. Nilimsubiri wiki tatu nikidhani yuko safarini. Wana madiwani watatu tu: Verlin, Darlene na Lowell. Verlin ndiye mwenyekiti, na ndiye anayeendesha greda ya kaunti. Yeye mwenyewe! Mheshimiwa wetu wa wadi hata mlango wa gari hufunguliwa.

Naandika haya kwa sababu leo nimehukumiwa. Ijumaa mheshimiwa anakuja kusikiliza maoni ya wananchi. Greda ya kaunti itatengeneza barabara moja tu katika wadi: yetu, au ile ya kina Kimutai ng'ambo ya mto. Kila kijiji kitoe msemaji. Wazee wamenichagua mimi, kwa kuwa nimemaliza Form Four na sina kazi. Nilimwambia Mama nina mafua. Akasema mafua ya Jumatatu hayafiki Ijumaa.

Barabara yetu ni aibu. Mvua ikinyesha, lori la kiwanda halipandi. Majani ya chai yanalala kituoni, yanageuka mekundu, karani anayakataa, na Mama anayamwaga shimoni. Naitaka barabara hiyo kuliko kitu chochote. Ila kusimama mbele ya watu, siwezi.

Baadaye. Mpango! Saa kumi na moja jioni, kwao asubuhi, Haskett walifika kwenye maoni ya wananchi. Huko unaruhusiwa kuandika tu! Nikaandika: naomba muunge mkono barabara yetu ya Mogogosiek ipate greda. Nikaweka jina T. Karani wao, Peggy, akasoma kwa sauti. Lowell akauliza Mogogosiek iko upande gani wa daraja. Peggy akasema iko Kenya. Darlene akataka kujua kama kuna matope. Peggy akasema bwana T. anaeleza kwamba yapo. Verlin akasema matope ni matope, na hajawahi kupiga kura dhidi ya greda. Mikono mitatu juu.

Imepita! Amerika imepitisha barabara yetu, nami sijafungua mdomo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeipeleka video ya kikao cha jana kwa Mzee Joram, anayechaji simu pale Mogogosiek na mwenye televisheni kubwa. Nilimwomba aicheze mara moja, bila kusema imetoka kwa nani. Mheshimiwa ataisikia kwa vinywa vya wengine. Safi kabisa.

Nje nikakutana na Kimutai. Shuleni alikuwa mwenyekiti wa midahalo. Siku hizi anavaa koti na kumbebea mheshimiwa begi, ambalo nadhani ni tupu. Ndiye msemaji wa kijiji chao. Akaniuliza mbele ya watu wa bodaboda kama hotuba yangu itakuwa ya ishara. Akaahidi kwamba nikitamka hata neno moja Ijumaa, ataninunulia soda. Wakacheka wote.

Nilimjibu vizuri sana nilipofika nyumbani.

Jumatano, 9 Aprili

Joram ameicheza siku nzima. Sauti ya televisheni yake ni mbovu, kwa hivyo anaeleza mwenyewe. Asubuhi Haskett walikuwa wanatuunga mkono. Saa sita Wacera wa mboga alisikia wanaleta kokoto. Jioni ilikuwa lami. Momanyi wa bodaboda anauliza kama itabidi aendeshe upande wa kulia.

Mama amerudi akiimba. Anasema Wazungu watatu wenye kofia wanakuja kutujengea barabara, na mkubwa wao anakuja na greda yake mwenyewe.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema ukweli. Nikasema maziwa yanachemka.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Kina mama wamefagia kituo cha majani. Wazee wamechagua mahali ambapo Verlin atapanda mti. Kimutai amekuja hadi kwetu, koti limelowa, akaniuliza kwa upole kama nawajua hao watu. Nikatikisa kichwa kwa namna isiyosema ndiyo wala hapana. Kwa mara ya kwanza aliniaga kwa heshima! Nilihisi nimekuwa mrefu.

Mama ameipiga pasi nguo yangu ya kanisa. Anasema mambo yamekuwa rahisi sasa, kazi yangu kesho ni kushukuru tu.

Ijumaa, 11 Aprili

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Mheshimiwa alianza kwa kutupongeza. Akasema kijiji kilichopata wafadhili kutoka Amerika hakiwezi kuchukua na greda ya kaunti pia, hiyo itakuwa tamaa. Kwa hivyo greda inaenda ng'ambo ya mto, kwa kina Kimutai. Akauliza kama kuna anayepinga.

Nilisimama. Kweli nilisimama! Maneno yalikuwa tayari: hawaleti chochote, waliinua mikono tu. Kanisa lote likageuka. Mama alinitazama kama anavyotazama lori likipanda kilima.

Nikasema, "Asanteni."

Nikaketi. Makofi! Mheshimiwa akasema katika siasa hajawahi kusikia hotuba fupi na yenye adabu namna hiyo. Kimutai alininunulia soda, mbele ya wale wale wa bodaboda. Sikuweza kuimaliza.

Jumapili, 13 Aprili

Lori lilikwama jana. Mama amemwaga majani ya siku mbili. Hakulaumu mtu. Aliosha mikono, akasema tuvumilie, Verlin yuko njiani. Afadhali angenichapa.

Nilifungua mdomo kumwambia. Nikasema maziwa yanachemka. Akasema ng'ombe hajakamuliwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Kimutai alinisimamisha dukani kwa Joram. Alikuwa bila begi. Akasema greda inamaliza kwao Jumatano na mafuta yatabaki. Mtu wa kijiji chetu akimwambia tu mheshimiwa kwamba Wazungu wamechelewa, itavuka daraja ije kwetu. Yeye hawezi kutusemea, lakini atanipeleka mpaka mlangoni. "Tecla, ni neno moja tu," akasema. "Umeshaanza na asanteni."

Nilimwazia mema njia nzima, mpaka nyumbani. Ni kweli, mtu lazima amwambie mheshimiwa kwamba wamechelewa. Na nani anafaa kuliko wao wenyewe?

Saa kumi na moja nikawaandikia Haskett, wapitishe kwamba wanasikitika kuchelewa. Peggy akasoma. Lowell akasema hakujua kwamba walitarajiwa. Verlin akasema kama matope bado yapo, hilo ni jambo la kuona kwa macho, na mkewe ametaka kuiona Kenya tangu waoane. Watakuja Julai, wakishavuna ngano. Bwana T. ndiye atakayewapokea na kutoa hotuba ya kuwakaribisha. Peggy atairekodi, Haskett nzima iione. Mikono mitatu juu!

Nilishtuka, lakini kwa muda mfupi tu, kwa sababu mpango umeshanijia, na ni bora kuliko ule wa kwanza. Wanamtarajia bwana, nami ni msichana. Kwa hivyo anahitajika bwana.

Wewe unayesoma hapa, sijui ulifanya nini chini ya godoro langu, lakini sasa tuko pamoja. Usimwambie Mama. Usimwambie Joram, ana televisheni. Kimutai ndiye kabisa usimwambie. Na kama una babu mwenye koti zuri, asiyeogopa watu, niandikie jina lake hapa chini, kisha urudishe daftari pale pale ulipolikuta.