Mnyoo wa Mita Elfu Moja Mia Tisa

Jumatatu, 6 Machi

Tumeng'oa nanga Walvis Bay saa moja asubuhi. Ukungu wa kukatwa kwa kisu. Watu kumi na wanne melini, na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba safari hii itaingia kwenye historia. Historia yangu, angalau.

Sababu ni shemeji yangu Elifas. Amepewa barabara kule Usakos. Barabara yenye jina lake! Ina nyumba nne na punda mmoja, lami haijawahi kuiona, lakini kibao kimesimama na mke wangu amekipiga picha mara sita. Mimi, Usiel Goagoseb, miaka kumi na tisa kwenye meli za utafiti, fundi wa winchi, wa bomba la tope na wa chupa za maji, sina hata kichochoro.

Nimelifikiria sana. Kupata barabara kunataka siasa. Kupata mnyama kunataka tope tu. Wakivumbua mdudu mpya huko chini, anapewa jina la mtu, kwa Kilatini, na Kilatini hakifutwi na halmashauri. Na tope nalivuta mimi!

Daktari Hertha Kaunatjike, kiongozi wetu, ametukusanya baada ya chai. Amesema tuna siku nane, ya tisa haipo. Anataka kuonyesha kwamba ile sehemu ya bahari isiyo na oksijeni, kwenye mteremko wa sakafu ya bahari, inatanuka mwaka hadi mwaka. Ameomba meli hii miaka mitatu. Ametutazama mmoja mmoja. Nimeitikia kwa kichwa, kwa uzito.

Mpinzani: Nangula Shikomba, mwanafunzi wake, miaka ishirini na minne. Anapima oksijeni ya kila chupa kwa dawa na kwa mkono, tone kwa tone. Safari iliyopita waliandika ripoti na yeye akashukuriwa kwa jina. Mimi niliandikwa "wafanyakazi wa meli". Ananiita Tate, yaani baba, kwa adabu zote. Simwamini.

Jumanne, 7 Machi

NIMEMPATA!

Tumeshusha bomba la tope mita elfu moja mia tisa. Limepanda na tope la kijivu, baridi kama barafu. Nimeliegesha kwenye beseni, chini ya fremu ya chupa za maji, nikainama kulisafisha. Akawa amelala pale pembeni. Rangi ya waridi iliyopauka. Mrefu kama kidole cha kati, mwembamba kama kamba ya kiatu. Hana macho. Hana mdomo. Kiumbe ambaye mwanadamu hajawahi kumwona!

Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nimemfumba kiganjani, nikaenda jikoni nikipiga mluzi. Nikipiga kelele atakuwa wa Daktari kufikia saa sita, na wa Nangula kufikia jioni. Kwanza nimjue mwenyewe, ndipo nimtangaze.

Dawid mpishi ameuliza chupa ya achari naitakia nini. Nimesema ya dawa. Akaniambia nisijitibu kwa siki, atanipa tangawizi. Nimepata chupa iliyokuwa na viazisukari vyekundu. Nimeijaza maji ya bahari, nikamtia, nikaandika karatasini: DAWA YA FANGASI WA MIGUU – USIEL. Hakuna binadamu atakayeifungua. Sasa iko kwenye chumba cha baridi, nyuma ya sampuli.

Jina nimeshalichagua. Goagosebi. Nimelitamka mara kadhaa mbele ya kioo.

Jumatano, 8 Machi

Amejisogeza! Meli ilipolala kushoto, alikwenda kushoto. Ana akili ya mwelekeo.

Nimempa makombo ya biskuti. Hajala mbele yangu. Ana haya.

Kwa kuwa nilikuwa naye, nilichelewa kukagua pete. Kila chupa ya maji ina vifuniko viwili, na kila kifuniko kina pete ya mpira inayoziba maji yasiingie wala kutoka. Kazi yangu kila asubuhi ni kuzigusa zote kwa kidole na kutia saini fomu. Leo nimetia saini tu. Pete zile nazijua kama meno yangu.

Chupa namba moja, ile inayochota maji ya chini kabisa, inadondosha. Kidogo tu. Ni umande. Nimeifuta, na sitaha nimeipiga deki kabla Nangula hajafika, asije akasema fundi mchafu.

Mchana tulichota tope la karibu na pwani, lile la salfa. Harufu ya mayai viza mpaka kwenye mto wa kulalia. Dawid amesimama mlangoni na mwiko akiuliza nani amefanya aibu. Wote wamenitazama mimi. Kwenye tope hilo kuna bakteria wakubwa unaowaona kwa macho, weupe, wamejipanga kama shanga. Wazuri. Lakini wana jina tayari, hawana faida kwangu.

Alhamisi, 9 Machi

Nilihitaji hadubini. Hadubini inashikwa na Nangula. Nimebuni mpango: nijitolee kumchujia tope lake ndoo tatu, anipe nusu saa. Ameuliza nataka kutazama nini. Nimesema fangasi wangu wa miguu. Amenipa saa nzima, akatoka nje na kufunga mlango.

Maajabu! Ngozi ya mnyoo wangu ni laini, haina pingili hata moja. Na mgongoni ana alama, ndogo sana, kama maandishi. Mstari, mstari, halafu kitu kinachofanana kabisa na namba 8. Muumba hakosi la kufanya.

Ndoo tatu za tope zimenivunja kiuno.

Jioni kumetokea jambo maabara. Maji ya chupa namba moja, ya mita mia tatu na sitini, yamekutwa na oksijeni tele. Mahali ambapo haikupaswa kuwepo kabisa. Na ya jana vilevile. Daktari amesema oksijeni ingekuwa nyingi hivyo kule chini, samaki wangekuwa wanafanyia harusi huko. Nangula amepima upya mara tatu. Jibu ni lile lile. Daktari akamwambia, polepole, kwamba basi tatizo ni mkono wake.

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: nilifurahi kidogo. Mwenye kushukuriwa kwa jina naye anakosea! Nikaenda kumsimulia Goagosebi. Hakusema kitu, lakini alielea kwa namna ya kuridhika.

Ijumaa, 10 Machi

Fomu nimetia saini mlangoni nikipita. Chupa inadondosha zaidi. Umande mzito siku hizi.

Kituo kimoja leo. Namba za ajabu tena. Saa nane Daktari amemtoa Nangula kwenye vipimo. Amemwambia mbele yetu kwamba hawezi kupeleka namba hizi popote, na kwamba kuhusu ile tasnifu yake itabidi wazungumze wakifika nchi kavu. Hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa umechoka kama wa mama aliyekesha na mgonjwa.

Nilikwenda stoo kutafuta kamba, nikamkuta Nangula amekaa katikati ya mabuti ya mvua, analia. Nilikuwa na nyama kavu ya swala mfukoni. Nikampa. Akaipokea.

"Tate," akasema, "mkono wangu haukosei. Nimepima mara tisa. Mara tisa!"

Nikamwambia labda dawa zimeharibika.

"Dawa nimechanganya mpya. Labda bahari ndiyo inayokosea." Akatafuna. "Nyumbani kule Onayena mama amewaambia watu wa kanisa zima kwamba nitakuwa daktari wa bahari. Hawajui hata bahari ikoje. Wanadhani nitatibu nyangumi."

Nikacheka, naye akacheka, kisha akalia tena. Akaniuliza fangasi wangu wanaendeleaje. Mtoto wa watu, katika hali ile, ananiulizia miguu!

Nimeona aibu. Nimeamua hivi: kesho wakati wa chakula nitamtangaza mnyoo. Meli itafurahi, Daktari atasahau namba, safari itakuwa imepata kitu. Na nitamgawia Nangula. Jina la kwanza langu, la pili lake. Hakuna mtu aliyewahi kutoa nusu ya mnyoo kwa moyo mweupe namna hii.

Jumamosi, 11 Machi

Naandika nikiwa nimejifungia.

Dawid alipika ugali wa mtama na samaki. Nilivaa shati safi. Walipomaliza nikasimama, nikagonga bilauri, nikasema machache kuhusu miaka kumi na tisa, subira, na vilindi vinavyowazawadia wanyenyekevu. Nikaweka chupa mezani. Mmoja akasogeza kiti nyuma kwa sababu ya karatasi. Nikaeleza kwamba fangasi ni werevu wa kisayansi tu, na kwamba ndani yumo kiumbe kipya kutoka mita elfu moja mia tisa, na kwamba nimempa Nangula nusu.

Daktari alivaa miwani. Macho yake yaling'aa, naapa yaling'aa. Akamtoa mnyoo kwa kikoleo, taratibu, kama anamtoa mtoto tumboni. Akamshika ncha mbili kwa vidole.

Akamvuta.

Akavutika. Akavutika mpaka akawa mrefu kama mkono wangu. Daktari akaachia upande mmoja. Pwa!

Nikasema kwamba ni mnyoo mwenye nguvu.

"Usiel," akasema Daktari, "hii ni pete ya mpira. Imekatika. Ina namba ya kiwanda."

Nangula ndiye aliyeinuka wa kwanza. Kiti kilianguka. Alipanda ngazi mbili mbili, sisi nyuma yake, Dawid na mwiko. Akapiga magoti kwenye fremu, akafungua kifuniko cha chini cha chupa namba moja, akapitisha kidole. Mfereji ulikuwa mtupu. Pete haimo. Maji ya chini yalikuwa yakivuja njia nzima na maji ya juu yakiingia, pamoja na hewa yake yote. Kifuniko kile kilikuwa juu ya beseni langu siku ile ya Jumanne.

Nangula akapiga kelele, "Mkono wangu! Si mkono wangu!" Akaurusha juu, huo mkono, kama si wa kwake.

Daktari aliomba fomu. Saini zangu zote, nzuri, zenye mkia. Akauliza nilikagua lini. Nikasema nilikuwa na shughuli. Akauliza shughuli gani. Nikasema nilikuwa namlisha.

"Miaka ishirini nawapikia mabaharia," akasema Dawid. "Wapo waliolisha paka. Yupo aliyelisha kasa. Leo nimemwona anayelisha mpira biskuti. Biskuti zangu!"

Daktari hakunifokea. Hilo ndilo lililonimaliza. Alimgeukia Nangula mbele ya kila mtu, akamshika mabega, akasema, "Mwanangu, nimekukosea. Ulisema kweli na mimi sikukusikia." Kisha akaenda kwa nahodha kuomba turudi nyuma. Vituo vitatu virudiwe, na kile cha mwisho, cha mita elfu tatu, alichokiota miaka mitatu, kiachwe. Muda hautoshi.

Nilikwenda kumwomba Daktari radhi. Akasema radhi ataisikia nikishafunga pete mpya. Nimezifunga zote ishirini na nne. Nimezigusa kwa kidole. Mara mbili.

Jumapili, 12 Machi

Tangu alfajiri niko kwenye winchi. Sijakaa. Dawid ameniletea chai na kuuliza kama kamba ya winchi nayo imeshakula.

Kituo cha kwanza, mita mia tatu na sitini. Nangula akapima, tone kwa tone. Sote tulikuwa mlangoni. Oksijeni: karibu hakuna. Cha pili vilevile. Cha tatu, ambacho miaka saba iliyopita kilikuwa na oksijeni ya kutosha, sasa hakina. Sehemu ile imetanuka kweli. Daktari ameketi juu ya ndoo, amefunika uso. Sikujua kama analia kwa sababu kazi imefanikiwa au kwa sababu ya bahari. Nangula akasema ni vyote viwili.

Baadaye Nangula alinijia. Amesema kosa nimefanya na hataki kunidanganya. Lakini kama kile kipande ningekisukuma baharini pamoja na tope, kama fundi yeyote angefanya, hakuna ambaye angejua pete imekatika siku gani, na siku zipi za kurudia. Kwa hiyo asante kwa chupa, Tate.

Nimelitafakari neno hilo mchana kutwa. Kadiri ninavyolitafakari ndivyo linavyopendeza. Ni nani basi aliyeiokoa safari hii? Sisemi. Nauliza tu.

Nimemfuata Daktari. Amesema ataandika katika ripoti kwamba pete ilikatika, na kwa huruma hatanitaja jina. Nimemwambia kwa upande wangu hakuna ubaya akinitaja. Amerudi kwenye ripoti yake.

Jumatatu, 13 Machi

Tunarudi. Nimeondolewa kwenye tope, chupa na chumba cha baridi. Nimekalishwa kwenye mashine ya mwangwi, ile inayochora chini ya bahari, na nimeambiwa nitazame tu, nisiguse.

Saa tatu asubuhi: KILIMA! Kimejitokeza kwenye kioo, kikubwa, chenye mabega. Nimefungua ramani. Hakimo! Nimemuuliza nahodha, kana kwamba napiga soga, milima ya chini ya bahari huitwaje. Amesema huitwa kwa majina ya watu, mara nyingi. Moyo umenilipuka. Mnyoo anaweza kuwa mpira, sawa. Lakini mlima ni mlima. Hauvutiki!

Dawid amepita, amechungulia, amesema hilo ni kundi la samaki. Mpishi! Huyo kila kitu anakiona samaki.

Nimeandika mahali ulipo kwenye karatasi, nimeificha ndani ya soksi. Nangula sijamwambia.

Saa nne nimeuona tena. Umesogea kidogo kaskazini, na umegawanyika. Milima miwili! Wa pili nitampa mke wangu.