Gazeti Lenu Limenifanya Nimsifu Meya Nisiyemkusudia

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa miaka kumi na tisa, ingawa sijawahi kulisoma gazeti lenu likiwa zima. Nitaeleza. Mimi ni fundi cherehani, na magazeti yenu nayanunua yakiwa yamezeeka, kwa kilo, ili nikatie vipimo vya nguo. Kila mteja wangu wa kudumu ana karatasi zake: mgongo, vifua viwili, mikono miwili na kola, zote zimetundikwa kwenye msumari ukutani na jina lake limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Kinachobaki baada ya kukata ndicho ninachokisoma nikisubiri chai ipoe. Kwa hiyo habari zenu nazipata zikiwa na matundu ya makwapa, na sijawahi kulalamika hata siku moja. Wasomaji wavumilivu kama mimi hamna wengi.

Safari hii uvumilivu umenishinda. Chumba chetu cha kazi ni cha watu wawili. Mimi nakata na kushona. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anapiga pasi. Meza yangu iko dirishani, yake iko mlangoni, na sheria ya chumba tangu tukifungue ni moja tu: hakitoki kitu bila kupitiwa na pasi yake, hata kiwe leso. Umoja wetu unaishia hapo. Mimi ni mtu wa Meya wa zamani, ambaye ni wa rangi yetu. Yeye ni mtu wa Meya wa sasa, ambaye ni wa rangi yao. Tangu enzi za mameya waliowatangulia hao tumekuwa tukibishana ni nani kaumbwa kuongoza na ni nani kaumbwa kuongozwa, na ubishi huo umetufaa sana, maana sauti ya cherehani peke yake inachosha.

Sasa sikiliza mlichonifanyia. Jumanne moja, chumba kikiwa na wateja wanne, nilisoma kwa sauti mabaki ya ukurasa wenu mmoja. Iliandikwa kwamba Meya ameliezeka upya soko la ng'ambo ya reli kwa miezi minne, kwamba alikuwa anafika pale saa kumi na mbili asubuhi kabla ya mafundi, na kwamba mabati yaliyobaki yamepelekwa shuleni. Jina halikuwepo, picha haikuwepo, na huko ng'ambo ya reli mimi sijafika siku nyingi. Nikajua mara moja ni habari ya zamani ya Meya wetu. Nikaweka mkasi chini, nikawaambia wateja kwamba kazi ya namna hiyo haifundishwi, inakaa kwenye damu, na kwamba mtu wa rangi yao ukimpa mabati, misumari na ngazi, atauza ngazi.

Shemeji aliisimamisha pasi yake, akaenda ukutani, akatungua mkono wa kushoto wa koti la mwalimu mkuu, akaja akaupachika kwenye tundu la ukurasa wangu. Ulikaa barabara. Pale begani palikuwa na jina la Meya wa sasa na picha yake, kavaa kofia ya ujenzi, anacheka. Wateja nao wakacheka, na mmoja wao alikuwa wa rangi yetu kabisa.

Kutokana na fedheha hiyo, nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Mpangilio wa kurasa. Kwa nini jina na picha ya kiongozi mnaviweka juu kulia, mahali ambapo fundi yeyote anajua ndipo mkono wa koti unapoangukia? Viwekeni chini pembeni. Huko hata kola haifiki.

2. Rangi iandikwe kabla ya habari. Hili ndilo ombi langu kubwa. Msomaji ana haki ya kujua kama anatakiwa kufurahi au kukasirika kabla hajaanza kusoma. Ninyi mnatanguliza tendo, mtu anafuata baadaye, na msomaji anajikuta ameshafurahi. Furaha ikishatoka hairudi mfukoni. Mimi nilipokwisha kumjua mwenye paa, ndipo nilipoliona paa lenyewe lilivyo. Miezi minne ni upesi mno, na haraka haraka haina baraka. Kufika saa kumi na mbili asubuhi ni dalili ya mtu asiyewaamini wasaidizi wake. Na hayo mabati ya shule, kwa nini yalibaki? Anayejua kupima habakizi. Ona jinsi ukweli wote huo ulivyofichwa kwa kukosekana neno moja tu mwanzoni.

Nyongeza ya ombi hili ni mashimo ya barabarani. Naomba gazeti liishauri manispaa kila shimo liwekewe kibao cha kueleza lilianza chini ya Meya yupi, ili mtu anapotumbukia ajue amkasirikie nani kabla hajafika chini. Shimo la mbele ya chumba chetu lilianza wakati wa Meya wetu likapanuka wakati wa Meya wao. Kwa hilo chaki ninayo, naweza kuligawa mwenyewe.

3. Magari ya zimamoto. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo shemeji alinisomea kipande kingine, nacho kikiwa na tundu. Kwamba Meya amenunua magari mawili ya zimamoto ambayo hayaingii kwenye mlango wa kituo. Mlango ukavunjwa, ukuta ukafuata, na sasa magari yanalala nje yakilindwa na askari mmoja. Nikasema, hao ndio wenyewe. Nikasema kupima ndio mwanzo wa akili, na mtu anayenunua gari bila kupima mlango hafai kupewa hata ufunguo wa choo cha stendi. Shemeji aliniacha nimalize. Kisha akatoa mfukoni kipande alichokuwa amekikata yeye, tena kwa mkasi wangu. Alikuwa Meya wetu, katika mwaka wake wa pili.

Nilimweleza kwa utulivu kwamba mambo hayo hayafanani. Meya wetu hakukosea, alifikiri makubwa. Mlango ndio uliokuwa mfupi, na bila shaka ulijengwa na watu wa rangi yao. Shemeji akaniangalia, akasema, "Shemeji, hiyo futi yako ukimpima wa kwenu unaanzia ncha hii, ukimpima wa kwetu unaanzia ncha ile. Ndiyo maana sisi kila siku tunatoka wafupi."

Ndugu Mhariri, hapa ninaandika kwa aibu. Wateja walikuwepo, nami nilikuwa nimeshachekwa mara moja wiki hiyo. Nikamwambia kwamba kama angekuwa wa rangi yetu asingekaa miaka kumi na tisa mlangoni na pasi, na kwamba kuna rangi za kukabidhiwa mkasi na kuna rangi za kunyoosha alichoshona mwenzio. Nililijutia neno hilo kabla hata sijafunga mdomo. Yeye alichomoa waya wa pasi, akauzungushia mpini taratibu kama anavyofanya kila jioni, akaondoka nayo. Ilikuwa saa tano asubuhi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Leo ni siku ya kumi. Sare kumi na mbili za wahudumu wa hoteli zimeshonwa na zimekunjamana juu ya benchi. Nilijaribu kuzinyoosha mwenyewe kwa pasi ya kuazima, na kola mbili zikapata rangi ambayo sitaitaja kwa sababu ya mada ya barua hii. Chumba kiko kimya. Nasema jambo la kumchokoza mtu wa mlangoni, mlangoni hakuna mtu. Haya yote yasingetokea kama mngeandika rangi.

4. Mama watoto. Kwa kuwa shemeji ni kaka wa mke wangu, utakuwa umeelewa kwamba mke wangu naye ni wa rangi yao. Yeye ni suala tofauti, na nimemweleza hivyo mara nyingi katika ndoa yetu, nilidhani amekubali. Ni kweli kwamba nyumba anaiendesha yeye. Ni kweli kwamba bomba lilipopasuka mimi nilienda kumtafuta fundi, na niliporudi na fundi nikakuta maji yameshafungwa na sakafu imekauka. Lakini hilo nimelihesabu kuwa ni mazoea, si uongozi. Tangu Ijumaa ile hanigombezi. Kila saa saba mchana anapita mbele ya dirisha langu na bakuli lililofunikwa, anampelekea kaka yake chakula, na anapita polepole kuliko inavyohitajika.

Kwa hiyo naomba gazeti litoe tangazo kwamba mtu anaposema "watu wa rangi yao", wake hawamo. Mashemeji wanaopiga pasi vizuri nao hawamo. Mama mkwe hayumo, kwa usalama wangu. Hayumo pia yule daktari aliyenishona kidole sindano ya cherehani ilipopita ndani yake, wala mwalimu mkuu mwenye koti, ambaye huchukua nguo zake kwa wakati. Ukiwatoa hao wanabaki wale nisiowafahamu, na hao ndio kabisa hawawezi kuaminiwa.

5. Binti yetu. Mtoto wetu wa kwanza ni karani pale manispaa. Nilipomsomea ombi langu namba mbili aliuliza, bila hata kutabasamu, "Baba, mimi nikitokea gazetini wataandika rangi ipi?" Nikamjibu kwamba akifanya vizuri waandike yetu, akikosea wamuulize mama yake. Akasema ndivyo nilivyokuwa nikizisoma ripoti zake za shule tangu darasa la kwanza. Naomba mwongozo wa ofisi yako juu ya jambo hili, maana anakuja kula nyumbani kila Jumapili.

6. Ombi la mwisho. Mchapishe masahihisho kwamba paa la soko lilikuwa wazo la Meya wetu, hata kama yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria. Na karibu na hapo, mahali ambapo hakuna mkono wa koti utakaopita, mtie habari fupi. Semeni kwamba fundi mmoja wa mjini anamhitaji mpiga pasi wake, kwamba neno alilolisema halikuwa neno la mtu mzima, na kwamba meza ya mlangoni hajakaa mtu na haitakaa mtu. Jina langu msitaje. Rangi msiandike.

Nisalimie wahariri wenzako wote, wachapaji, mafundi wa mitambo, na wapiga picha isipokuwa yule aliyempiga Meya akicheka. Msalimie zaidi anayefunga magazeti ya zamani kwa kamba, kwani huyo ndiye mwenzangu katika kazi.

Wako mwenye uchungu, na mkasi mezani,

Fundi wa chumba cha pili kutoka kona

Tanbihi: Barua hii nilipoimaliza ilikuwa imekunjamana, kwa kuwa nimeiandikia mapajani. Sheria ya chumba chetu unaijua. Ikabidi niipeleke kwa shemeji, nyumbani kwake, ipigwe pasi.

Alinifungulia mlango bila salamu, akachomeka pasi. Alikuwa anasoma mstari kwanza, ndipo anaupitisha pasi, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye lile neno la mkasi mkono wake ulisimama. Nikamwambia nisamehe, shemeji, na ni mara ya kwanza kumwambia hivyo tangu nimuoe dada yake. Aliendelea hadi mwisho, akaigeuza karatasi, akanyoosha na nyuma, kisha akauliza Mhariri atajuaje mimi ni wa rangi gani. Nikacheka, nikashika barua nimwonyeshe nilipoandika. Sikupaona. Tukatafuta wote wawili, yeye akiwa na miwani. Rangi yetu, rangi yao, rangi yetu, rangi yao, tangu juu mpaka chini, na hakuna mahali.

Akafungua kabati, akatoa barua yake. Naye alikuwa amekuandikia, Jumatatu. Anaomba rangi iandikwe kabla ya habari, kwa sababu mume wa dada yake ni mbishi asiyeambilika. Magari ya zimamoto yamo. Paa limo, na kwake yeye miezi minne ni ushahidi wa damu. Nilitafuta alipotaja rangi yao ni ipi, nayo haimo. Hatukuona sababu ya kutumia stempu mbili. Yake tumeichana, na hii ihesabu kuwa ni ya wote. Sahihi ya pili hapo chini ni ya shemeji. Wewe chukulia mwenye makosa ni yule mwingine.

Mkasi nimemwachia. Kesho anakata yeye, mimi napiga pasi, na wahudumu wa hoteli watuombee. Alama ya kuungua kwenye kona ya barua usiishangae. Pasi ilisahaulika hapo wakati tunabishana kama ule mlango wa zimamoto ulikuwa mfupi kweli.