Swala Niliyempima kwa Beberu

Leo nimeumbuka. Naandika haya nikiwa nimekaa uani kwa wakwe zangu huku Mkinga, nimejifunga kanga ya mtu, matope yamenikaukia mpaka kwenye nyusi. Kila anayepita ananiuliza, "Hatua ngapi?" kisha anakimbilia jikoni kucheka. Bora niwasimulie mwenyewe, maana habari ya aibu yangu itafika kwetu Ngamiani kabla yangu.

Mnanijua, mimi fundi pazia. Nasimama mlangoni, natazama dirisha, nakutajia upana wake bila kugusa futi. Sijawahi kukosea. (Haya, mara moja. Yule mama alishahama.) Ndiyo maana jana baba mkwe, Mzee Bakari, alipolalamika kwamba hana wa kwenda naye porini, mdomo ukaniponza.

Shemeji yangu Saidi anaoa kesho. Wageni wa Mombasa wanavuka mpaka wa Horohoro leo jioni, na lazima wakute kitoweo cha maana. Mzee ana gobore lake la halali na kibali cha swala mmoja, na kibali kinaisha leo. Swala akikosekana, anachinjwa beberu wa mzee. Hakuna mbuzi mwingine.

Beberu huyo anaitwa Meneja. Ana ndevu, ana kitambi, na kila asubuhi anazunguka shamba zima akikagua, utadhani yuko kazini kwenye mkonge. Mzee anampenda jamani! Anamlambisha chumvi kiganjani. Mama mkwe ameshanung'unika sana kwamba yule mbuzi anasalimiwa kabla yake. Kwa hiyo tulikwenda kutafuta swala, lakini tuliyekuwa tunamwokoa ni Meneja.

Tatizo ni macho. Mzee bado ana shabaha, ila tangu jicho moja lizimike, anamwona mnyama bila kujua yuko karibu au mbali. Na gobore lina masharti yake. Risasi ni moja, ukitaka ya pili unaanza kushindilia upya, na mnyama akiwa mbali lazima unyanyue mtutu. Siku zote wa kumtajia umbali ni Saidi. Lakini bwana harusi nani atamwacha aende porini siku moja kabla ya ndoa?

"Baba, nitakupimia mimi," nikasema.

Mzee akanitazama kwa lile jicho zima. "Dirisha halikimbii, mkwe."

"Nitampima kabla hajakimbia, baba."

Mama mkwe akaguna. Ningenyamaza pale, leo ningekuwa na suruali.

Asubuhi tukatoka. Nilikuja na nguo za harusi tu, kwa hiyo nikaazimwa suruali ya kazi ya mzee, pana kiunoni, mimi nilivyo mwembamba. Nikaikaza kwa kamba ya pazia. (Kamba nzuri kabisa. Nilimuuzia mteja wiki iliyopita nikamwambia haikatiki.) Nikapewa na kisu. Maana kuna kazi ya pili: swala wa bunduki usipomuwahi akiwa hai ukamchinja, ni kibudu, hakuna atakayemtia mdomoni. Mlio ukilia tu, mpimaji anakuwa mchinjaji, na mchinjaji ni mbio.

Tulipomaliza mashamba ya minazi tukatokea kwenye uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko. Ardhi nyeupe, tambarare, hakuna mti wala kichuguu. Mzee akanionyesha kwa fimbo.

"Penye majani unapita. Pale peupe panapong'aa hapakanyagwi. Juu pakavu, chini uji."

"Nimeelewa, baba."

Nilielewa kweli. Kuelewa hakukuwa tatizo.

Hatukukaa sana, swala akatoka kwenye nyasi ng'ambo ya uwanda. Dume, pembe zimepinda mbele, ametulia anatafuna. Mzee akapiga goti, akaegemeza gobore kwenye fimbo.

"Hatua ngapi?"

Sasa niwaambie nilivyopima, mjue sikubahatisha. Kwenye dirisha natafuta kitu ninachokijua kimo chake, kiti au mtu, halafu napigia hesabu. Swala sijawahi kumwona maisha yangu ila kwenye sarafu na kalenda. Nikajiuliza, ana kimo gani huyu? Nikajijibu, kimo cha mbuzi tu. Na mbuzi niliyemjua vizuri ni Meneja, nimeshinda naye jana kutwa. Nikamweka Meneja pale akilini, nikaona anaenea sawasawa.

"Arobaini, baba."

"Arobaini?" Mzee hakupepesa. "Mimi namwona mdogo."

"Ni hapo tu, baba. Naweza kumtemea mate."

"Una hakika, mkwe? Baruti ni hii hii."

"Baba, hii ndiyo kazi yangu." (Nilisema hivyo. Kwa sauti ya kunong'ona, lakini nilisema.)

Mzee akashusha mtutu kidogo, akasoma bismillahi yake, akafyatua. Buu! Moshi mzito ukatufunika wote. Mimi sikungoja moshi uishe. Kisu mkononi, nikachomoka huku napiga takbira, namuwahi mnyama asije akafa bila kuchinjwa, namuwazia Meneja na uzee wake mwema.

Nikakimbia hizo hatua arobaini. Hakuna swala. Nikasema ameangukia kwenye nyasi. Nikakimbia tena arobaini. Nyasi zenyewe ziko kule kule. Nikaongeza mwendo, na kila nikiongeza, ule uwanda nao unarefuka. Pumzi imekata, sauti imekwisha, nimebakiwa na "Bismi... Bismi..." tu. Majani niliyoambiwa nipite sijui niliyaacha wapi.

Ndipo nikamwona. Amesimama. Mzima, hana hata mchubuko, anatafuna, ananishangaa. Risasi ilikuwa imechimba mchanga njiani huko, nusu ya safari. Na alikuwa mkubwa, jamani! Mkubwa kuliko Meneja kwa mbali. Ndiyo maana nilimwona karibu.

Nikataka kusimama. Miguu ikasimama, ardhi ikaendelea kushuka. Lahaula! Nikazama mpaka magotini, kufurukuta kidogo, mpaka mapajani. Swala akatafuna tonge lake akalimaliza, akageuka, akaondoka kwa mwendo wa kawaida. Hakuona hata sababu ya kukimbia.

Nyuma yangu, mbali sana, nikasikia sauti ya mzee.

"Mkweee! Bado hatua ngapiii?"

Mngenizika pale pale.

Bado hamjasikia yenyewe. Upande wa mikoko wakatokea akina mama watatu waliokuwa wakitanda kanga kuvua uduvi, kanga zao zinachuruzika maji. Wa mbele ni Bi Mwanahamisi, mdogo wake mama mkwe. Yaani mkwe wangu huyo, mtu ambaye nikikutana naye njiani nainamisha macho na kumwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikiwa kwenye uji.

"Marahaba, mwanangu. Unachinja nini humo?"

Niliona nimekishika kisu juu bado. Nikakishusha.

Wakapitia penye majani, wakanirushia ncha ya kanga waliyotandia uduvi. "Shika, usiachie! Moja, mbili..." Wakavuta. Mimi nikaanza kutoka. Suruali haikuanza. Nikawaambia, "Basi mama, basi, niacheni kwanza!" Wao wakadhani naumia, wakazidisha. Ile kamba ya pazia, ile isiyokatika, ikalia pyaa! Nikachomoka kama muhogo, suruali ya baba mkwe ikabaki chini na viatu vyangu.

Ashukuriwe Mungu, shati lilikuwa refu. Si refu sana.

Bi Mwanahamisi akageuka haraka, akanirushia kanga yake ya pili bila kutazama. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikajifunga. Kanga ina maandishi nyuma, na sitawaambia yanasema nini, lakini wenzake waliyasoma kwa sauti njia nzima mpaka nyumbani.

Mzee hakucheka. Nilipomfikia kule uwandani nikamrudishia kisu. "Baba, nisamehe. Nilikosea."

"Hukukosea, mkwe," akasema, anafuta gobore. "Wewe umepima. Swala ndiye aliyesimama mbali."

Tumerudi, amekwenda moja kwa moja nyuma ya banda, na kutoka hapa nilipo namwona amechuchumaa anamlambisha Meneja chumvi. Hapo roho imeniuma kweli. Kuchekwa nitazoea, lakini yule mzee aliniamini macho yangu badala ya lake.

Wageni wameshapiga simu, wako mpakani. Sasa hivi Saidi amekuja na kisu kile kile, kimeoshwa, kinang'aa.

"Shemeji, baba anasema yeye hawezi. Chinja wewe. Usiwe na wasiwasi, huyu amefungwa."

Nanyanyuka. Nawaombeni sana msicheke. Hapa nyumbani wanacheka wote, isipokuwa mimi, baba mkwe na Meneja.